Kwadi haiwaki, muuzaji anasema ni kabureta tu: ninunue?

SWALI

Washauri wapendwa,

Salamu kutoka Grand Rapids, Michigan. Kazi yangu ni kukata nyasi na kutunza bustani za watu, Aprili mpaka katikati ya Novemba. Theluji ikishuka sina kazi ya maana hadi majira ya kuchipua. Jamaa zangu huenda na kwadi zao (pikipiki za magurudumu manne) kwenye vilima vya mchanga vya Silver Lake wakati wa joto, na mimi ndipo niko kazini. Kwa hiyo nataka yangu, niiendeshe miezi ambayo wao wamefunga zao gereji.

Nimepata Honda TRX400EX ya mwaka 2004. Mwenyewe anataka dola 1,800. Imekaa miaka miwili bila kuwashwa na anasema tatizo ni kabureta tu. Nilikwenda kuiona. Tulipounga betri nyingine, stata ilizungusha vizuri lakini injini haikuwaka. Akapulizia eta ya kopo, ile dawa ya kuamshia injini, kwenye njia ya hewa. Ikawaka sekunde mbili tatu, ikatoa moshi wa buluu, ikazima. Anasema oili ilionekana iko chini kwenye kijiti cha kupimia, akaongeza. Ndani ya kasha la filta ya hewa kuna oili imetuama. Matairi ya nyuma ni yale yenye mapezi ya mchanga, eksozi si ya kiwandani, na ekseli ya nyuma inaonekana ndefu kuliko ya kawaida. Hati ya umiliki anadai ilipotea, lakini ataniandikia risiti.

Nina dola 2,500 kwa kila kitu. Mashine za nyasi nazifungua na kuzifunga mwenyewe, lakini kwadi sijawahi kugusa. Je, ninunue? Nianzie wapi? Na mwanangu wa miaka 14 anaweza kuiendesha?

Fundi Nyasi, Grand Rapids

JIBU

Ndugu Fundi Nyasi,

Kwa bei hiyo na bila hati, usinunue. Hati ikipatikana, bei ikashuka, na vipimo tutakavyokueleza vikatoa majibu mazuri, basi hiyo ni kwadi inayomfaa sana mtu anayejitengenezea mwenyewe. Kosa ambalo tunataka ulikwepe ni la kulipia neno "tu". Kabureta ni kazi ya jioni moja. Kinachokula pesa kwenye kwadi kuukuu ya mchangani ni silinda iliyokwaruzwa na beringi za nyuma, na hivyo havionekani kwa kuiangalia tu imesimama uani.

Tuanze na uzuri wake, maana umechagua vizuri. Injini ya 400EX ni silinda moja ya sentimita za ujazo 397, inapozwa kwa hewa. Haina rejeta wala maji ya kuganda na kupasua kitu usiku wa Januari. Valvu zake hurekebishwa kwa skrubu na nati, kama ulivyozoea kwenye baadhi ya mashine za nyasi. Silinda ina sleevu ya chuma, hivyo ikichakaa kidogo hupelekwa karakana ikachongwa, ikawekwa pistoni kubwa kidogo. Yamaha YFZ450 na Suzuki LT-Z400 zina kasi zaidi, lakini zinapozwa kwa maji, valvu zao hurekebishwa kwa kubadilisha vidonge vya unene tofauti, na kuta za silinda zimepakwa tabaka gumu lisilochongwa hivihivi. Kwa mtu wa gereji ya nyumbani tofauti hiyo ni kubwa. Ujue tu kwamba ya 2004 haina gia ya nyuma. Honda waliiongeza mwaka 2005. Ukikwama puani kwa mti, unashuka unaivuta.

Sasa hati. Michigan kwadi ina hati ya umiliki kama gari, inayotolewa na ofisi ya Secretary of State, na risiti ya mkononi haichukui nafasi yake. Kama kweli ni yake na ilipotea, aombe nakala kwa jina lake. Kwake ni jambo jepesi, kwako wewe usiye na jina kwenye kumbukumbu zao ni mzigo. Mwambie mkutane kwenye ofisi hiyohiyo, achukue nakala, akusainie hapohapo, ndipo pesa zitoke mfukoni. Kabla ya siku hiyo, safisha fremu kwa kitambaa usome namba ya fremu, tarakimu na herufi 17. Ikiwa pameparuzwa kwa msasa, pamechomelewa au pamepakwa rangi mbichi, ondoka bila maneno mengi. Akikataa kwenda ofisini, ondoka vilevile. Na weka kando asilimia 6 ya bei kwa ajili ya kodi ya jimbo utakapohamisha jina.

Ile eta ilikwambia mambo mawili. Injini iliyowaka kwa sekunde mbili kwa eta ina cheche, na ina mgandamizo wa kutosha angalau kuwaka. Kinachokosekana ni petroli, kwa hiyo muuzaji kuhusu kabureta hakosei. Petroli ya hapa ina ethanoli. Ikikaa miaka miwili kwenye bakuli la kabureta huvuta unyevu, kisha huacha utando kama gundi kwenye matundu madogo. Lakini acheni kuipulizia eta tena. Eta haina ulainishaji wowote, na inawakia kwenye silinda iliyokaa kavu muda wote huo.

Jambo la pili ni ule moshi wa buluu, na hapo ndipo uamuzi wako ulipo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Watu wengi wakiuona husema ringi za pistoni zimekwisha, lakini kwenye injini hii kuna sababu nyingine ambayo haikugharimu chochote, na maneno ya muuzaji yanaielekea moja kwa moja. Injini ya 400EX haihifadhi oili yake chini ya kasha la krenki kama mashine za nyasi. Oili inakaa kwenye tanki lake dogo lililo mbali na krenki, na pampu huizungusha. Kwadi ikikaa miezi mingi, oili hupenya polepole kwenye valvu ya kuzuia, ikashuka yote kwenye kasha la krenki. Ukichomoa kijiti unaona pakavu. Anayejua huwasha injini kwanza, huiacha inguruma taratibu dakika chache ili pampu iirudishe tankini, huizima, ndipo apime. Asiyejua huongeza lita nzima. Sasa oili ni nyingi kupita kiasi, krenki inaipiga kama mwiko kwenye chungu, inasukumwa kwenye bomba la kupumulia mpaka ndani ya kasha la filta, na inavutwa na injini na kuungua. Hiyo oili uliyoiona imetuama kwenye kasha la filta inaweza kuwa hiyo hasa.

Kuna na njia nyingine ya oili kuzidi. Koki ya petroli ikiachwa wazi na sindano ya floti (ile inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa) ikiwa haizibi vizuri, petroli huteremka kupitia kabureta na silinda hadi kwenye oili. Chomoa kijiti unuse. Ikinuka petroli, au ikidondoka nyepesi kama maji badala ya kuvutika, injini hiyo isizungushwe tena hata mara moja mpaka oili imwagwe, kwa sababu oili ya namna hiyo hailindi beringi wala kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu.

Mwombe muuzaji ruhusa ya kumwaga oili palepale kwake, na umwambie mpya unaileta wewe. Fungua kizibo cha tanki na cha kasha la krenki, vyote viwili, na umwagie kwenye chombo chenye vipimo. Injini hii hutumia chini kidogo ya lita 2. Zikitoka lita 2 na nusu au 3, chanzo kimojawapo cha moshi umekishika mkononi. Kisha pitisha sumaku kwenye oili. Unga mweusi laini kama masizi ni wa kawaida kwa umri wake. Vipande unavyoweza kuvihesabu si vya kawaida. Akikataa oili isimwagwe, si kosa la kuvunja biashara, ila mfanyie hesabu kana kwamba injini ni mbovu.

Kipimo kinachofuata hakihitaji kifaa chochote isipokuwa kitambaa cheupe, na kwa kwadi iliyotoka Silver Lake hatuwezi kukisisitiza vya kutosha. Toa filta ya hewa. Vingirisha kitambaa safi kwenye kidole, ingiza ndani ya mpira unaounganisha kasha la filta na kabureta, upande ule wa baada ya filta, ufute kuzunguka. Kikitoka na oili tu, sawa. Kikitoka na chembe zinazokwaruza ukizisugua kati ya vidole viwili, mchanga umepita. Filta ilikaa vibaya, au ilikauka bila oili yake, au mdomo wake haukupakwa grisi, na mchanga wa vilima ukaingia kwenye silinda. Mchanga huo hula ringi na ukuta wa silinda kwa saa chache tu za mwendo. Ukiukuta hapo, usijifariji kwa habari ya oili kuzidi. Hesabu pistoni na kuchonga silinda tangu mwanzo.

Halafu kipimo cha uvujaji. Watu watakwambia upime mgandamizo kwa geji ya kawaida, lakini injini hii ina kifaa kwenye kemshafti kinachoachia mgandamizo kidogo wakati wa kuwasha, hivyo geji husoma chini hata ikiwa nzima, na utababaika bure. Tumia kifaa cha kupima uvujaji, kile chenye geji mbili kinachoingiza hewa silindani kupitia tundu la plagi na kuonyesha asilimia inayotoroka. Maduka ya vipuri vya magari Marekani huazimisha vifaa vya namna hii kwa dhamana unayorudishiwa, ulizia. Beba na kompresa ndogo. Zungusha injini mara kadhaa bila plagi, kisha ilete kwenye alama ya T, pistoni ikiwa juu kabisa kwenye mgandamizo. Utaijua kwa sababu vishikizo vya valvu vyote vinacheza kidogo. Weka gia ya tano na mtu akanyage breki ya nyuma, la sivyo hewa itasukuma pistoni chini na kipimo kitakuwa cha uongo.

Uvujaji wa chini ya asilimia 10 ni mzuri sana. Hadi 20 kwa injini iliyokaa tunaukubali. Ikipita 25 au 30, injini inafunguliwa. Na sikio lako lina kazi hapo: hewa ikivuma kwenye eksozi ni valvu ya kutolea moshi, ikivuma kwenye kabureta ni valvu ya kuingizia, ikisikika kwenye bomba la kupumulia oili ni ringi. Hewa ya kwenye valvu mara nyingine hutokana na nafasi ya valvu iliyobana tu, kwa hiyo irekebishe kabla ya kukata tamaa. Ya ringi haina dawa ya skrubu.

Ukimaliza injini nenda nyuma. Inua kwadi kwa jeki mpaka matairi ya nyuma yaning'inie. Shika tairi moja juu na chini, utikise kwa nguvu. Ekseli ikicheza ndani ya nyumba yake, beringi zimekwisha, maana kila ikipita majini au matopeni sili zake huruhusu kidogo, na beringi huota kutu. Beringi mbili na sili zake hazifiki dola 60. Balaa ni pale mtu alipoendelea kuendesha zikiwa zimekufa, zikala sehemu ya ekseli zinapokaa, au zikapanua nyumba yenyewe. Hapo ni ekseli na nyumba nzima. Kisha shika tairi uizungushe mbele na nyuma huku mwenzako ameshikilia ile ya pili: kama hapo kwenye habu, kitovu kinachoshika rimu, kuna mchezo, meno ya habu na ekseli yameliwa. Mwisho zungusha tairi, simamisha bisibisi karibu na ukingo wa rimu, uangalie kama umbali unabadilika. Rimu ikiyumba peke yake ni rimu. Habu nayo ikiyumba, ekseli imepinda.

Mbele fanya kwa ufupi. Tairi likicheza juu na chini, ni boljointi au beringi. Likicheza kushoto na kulia, ni ncha za fimbo za usukani. Boljointi zilizochoka ndizo zinazong'oka ukiwa mwendo kasi, kwa hiyo zibadilishe bila kubahatisha. Piga tochi kwenye fremu pale mikono ya mbele inaposhikilia na pale vikanyagio vilipochomelewa, utafute ufa mwembamba wenye kutu. Kwadi iliyorushwa sana hupasukia hapo.

Ekseli ndefu uliyoiona tunataka uipime kwa futi, nje ya tairi hadi nje ya tairi. Waendeshaji wa mchangani hupanua kwadi ili isipinduke, na mchangani hilo ni jema. Lakini njia nyembamba za ORV (vyombo vya kuendeshwa nje ya barabara) za Michigan huruhusu upana usiozidi inchi 50. 400EX ya kiwandani ni kama inchi 45 na nusu, inapita bila shida. Hiyo yako ikifika 52, msimu wote wa baridi utabaki kwenye njia pana tu, na kuirudisha upana wa kawaida ni kutafuta ekseli ya kiwandani iliyotumika, na huenda na mikono ya mbele. Matairi ya mapezi nayo ni ya mchangani tu. Kwenye ardhi ngumu iliyoganda hupigapiga kama nyundo na hayashiki unapokata kona. Utahitaji ya kawaida yenye vinundu. Saizi ya kiwandani ya nyuma ni 20x10-9 na ya mbele 22x7-10. Usiuze ya mapezi. Aprili inakuja.

Eksozi isiyo ya kiwandani lazima iwe na kizuia cheche kilichoidhinishwa na Idara ya Misitu ya Marekani, muhuri wake huwa umegongwa kwenye chuma, na sauti isipite desibeli 94 kwa kipimo cha kusimama. Eksozi nyingi za mashindano hazina hivyo viwili. Kama muuzaji ana ile ya zamani pembeni ya gereji, iingize kwenye mapatano.

Sasa hesabu yenyewe. Matairi mawili ya nyuma yaweke dola 150 hadi 200, betri aina ya YTX9-BS dola 50 hadi 90, vifaa vya kabureta na mpira wa petroli 40, beringi za nyuma na sili 60, oili, filta na plagi 50, boljointi na pedi za breki 150. Umeshafika 500 na ushee kabla hujagusa ndani ya injini. Pistoni, ringi, gasketi, sili za valvu na kuchonga silinda, weka 400 hadi 500 ukifunga mwenyewe. Hivyo, kama hati ipo, kitambaa ni safi na uvujaji uko chini ya 20, tungempa dola 1,100 na tusingepanda zaidi ya 1,300. Kama uvujaji ni wa ringi au kuna mchanga, 700. Mwezi wa Novemba muuzaji anataka nafasi gereji kwa ajili ya gari lake, nawe huna haraka. Mwonyeshe geji, asome mwenyewe. Namba aliyoiona kwa macho yake hupunguza bei kuliko maneno.

Ukishaileta nyumbani, kabureta. Mwaga petroli yote ya tanki, uchomoe koki na kusafisha kichujio chake. Legeza bangili mbili za mpira, zungusha kabureta itoke, ondoa kebo ya akselereta. Skrubu za bakuli zinafanana na za nyota za kawaida lakini zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani. Ukitumia bisibisi ya kawaida utazila vichwa. Nunua bisibisi ya JIS, dola chache tu. Ndani utakuta jeti kubwa, kijipande chenye tundu la kupimia petroli, na pembeni yake jeti ndogo ya mwendo wa taratibu. Hiyo ndogo ndiyo mkosaji wako. Itoe uielekeze kwenye taa. Unapaswa kuona nukta ya mwanga iliyo mviringo kamili, ndogo kama ncha ya sindano. Ukiona kijipande cha mwezi, utando bado upo, hata kama hewa inapita. Iloweke kwenye dawa ya kabureta, ipitishie uzi mmoja wa waya wa shaba uliouchomoa kwenye waya wa umeme, kisha pulizia hewa. Usitumie kisindano cha chuma wala kekee. Ukilipanua tundu hata kidogo, umeibadilisha saizi na hutajua kwa nini injini inakunywa petroli. Jeti mpya ni ya bei ndogo, na kama hii ina kutu ya kijani, itupe.

Skrubu ya mchanganyiko iliyo chini ya kabureta, ifunge kwanza taratibu mpaka ikae huku ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uitoe pamoja na springi, washa na oringi yake. Baadhi zina kichwa cha umbo la D kinachotaka kifaa chake. Oringi hiyo ndogo huwa inabaki tunduni bila watu kujua. Sindano ya floti ikiwa na mstari wa duara uliochimbika kwenye ncha yake ya mpira, ibadilishe, maana ndiyo inayoruhusu petroli kwenda kwenye oili.

Nafasi za valvu zipime injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.10 kwa za kuingizia, 0.12 kwa za kutolea. Weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi ya kwadi inaogelea humohumo. Oili za gari zilizotiwa vilainishi vya ziada huifanya iteleze. Tia lita 1 na nusu, washa, iache ingurume dakika tatu, zima, pima, ongeza kidogo kidogo hadi alama. Stata usiibane zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Moshi wa buluu wa dakika chache za mwanzo ni mabaki kwenye eksozi, usihamaki. Ukiendelea baada ya robo saa kila unapovuta akselereta, ni ringi. Ukitoka kidogo tu asubuhi na kila unapoachia akselereta mteremkoni, ni sili za valvu.

Baridi ina mambo yake. Hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni nzito kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya nyuzi 20, hivyo mchanganyiko unakosa petroli. Ikipigapiga kwenye eksozi unapoachia, au ikisita unapovuta ghafla, fungua skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko. Ikisita na mwendo kasi pia, panda saizi moja ya jeti kubwa, hasa kwa kuwa eksozi yako ni ya wazi. Lakini jambo la baridi tunaloliogopa zaidi ni akselereta kuganda. Maji huingia kwenye kebo na kwenye kisanduku cha kidole gumba, yanaganda ukiwa umesimama unapumzika, na ukivuta kisha ukaachia hairudi. Fungua kisanduku hicho ukikaushe, tia kilainishi kwenye kebo, ufunge na swichi ya kamba inayozima injini ukianguka. Kila ukipanda, kabla ya kuwasha, sukuma akselereta uisikie ikirudi kwa mlio wa "tak".

Silver Lake hufungwa kwa ORV Oktoba 31 na kufunguliwa Aprili 1, kwa hiyo wakati wako ni wa njia za misituni. Chukua leseni ya ORV pamoja na kibali cha njia kutoka DNR, idara ya maliasili ya jimbo. Vibandiko huisha Machi 31 vyovyote ulivyovinunua. Usiingie njia zilizotengwa kwa pikipiki za theluji, na barafu ya ziwa iache. Helmeti ni sheria. Hewa ya matairi iwe kama psi 4 hadi 5, uipime kwa geji ya kipimo kidogo, kwani ya gari haiwezi kusoma hapo chini.

Kuhusu kijana, hapana. Kwadi ya ukubwa huu imeandikiwa umri wa miaka 16 na kuendelea, na haina nafasi ya abiria, hivyo hata nyuma yako asikae. Nguvu yake humtupa mtu asiye na uzito wa kuegemea kona. Mpeleke kwenye darasa la usalama la ORV sasa, cheti chake atakihitaji kwa vyovyote, na gereji awe msaidizi wako: yeye ndiye akanyage breki wakati wewe unasoma geji.

Baada ya safari ya kwanza, kabla hata ya kuiosha, kaza upya nati mbili kubwa za ekseli ya nyuma. Zikilegea ekseli huanza kuteleza kando na kula meno ya habu ulizotoka kuzikagua. Kaza pia boliti za eksozi, na pima cheni: kati ya milimita 30 na 40 za mchezo. Ukishafanya kipimo cha uvujaji, tuandikie asilimia uliyoipata na mahali hewa ilipotokea, tukuambie kama ufungue kichwa cha injini au uendeshe mpaka majira ya kuchipua.